Dhamana ikirudi mara mbili

Mpangaji anayehama nyumba Carama, kaskazini mwa Bujumbura, kwa kawaida huhangaika kudai dhamana yake. Sasa fikiria simu inalia: ujumbe wa Lumicash, huduma ya pesa kwa simu, dhamana yote imerudi. Saa moja baadaye inalia tena, kiasi kilekile. Komisioneri, yaani dalali wa nyumba aliyeituma, kakosea.

Wapo watakaoiita riziki, hasa waliowahi kukamuliwa komisheni. Sheria haiiti hivyo. Sheria ya mikataba ya Burundi ina mizizi katika amri ya 30 Julai 1888, iliyotungwa kwa ajili ya Kongo ya Mfalme Leopold II (kongwe kweli, lakini kwa hili haijachakaa): anayepokea kisicho chake, kwa kujua au kwa kutojua, hukirudisha.

Ila mpangaji asikurupuke. Matapeli wa Afrika Mashariki nzima wanaujua wimbo wa “samahani, nimekosea kutuma”, na ujumbe wao wa kughushi hufanana na wa kweli. Atazame salio, asitazame ujumbe. Akikuta pesa ipo kweli, airudishe kwenye namba ileile iliyoituma, kamwe si kwenye “namba ya mdogo wangu”, na atunze uthibitisho.

Makato ya kutuma? Yakatwe humohumo kwenye pesa inayorudi, na komisioneri asinune.