Funga Mbwa Wako, Buda

Wasee, hii lazima niseme. Jumapili nilikuwa Karen, juu ya farasi wa kukodi, kijana anayemtunza akituongoza kwa kamba kando ya barabara. Mbwa mkubwa akachomoka getini, hajafungwa, anabweka nyuma yetu. Mwenyewe amesimama na simu: "Usiogope, haumi."

Buda, nani amekuuliza kama anauma? Farasi atajuaje? Huyo ni mnyama wa kukimbia hatari. Macho yako pembeni, nyuma ya mkia haoni kitu, so kitu kikimkaribia huko anapiga teke kwanza. Na ana kama kilo 500. Likimpata mbwa wako, utalia wewe. Likimkosa, farasi anatoroka barabarani na mimi niko juu.

Sawa, tunaopanda pia tupite polepole. Lakini msiniambie farasi ni mambo ya mabwenyenye. Aliyechunwa kiganja na kamba akituzuia tusianguke ni mtu wa kibarua, manze! Karura sheria ni mbwa afungwe, na mnafunga. Hapa nje mnaona ni kwa baba yenu?

Nilishuka nikitetemeka. Jamaa akamwita mbwa wake, wakaingia, geti ikafungwa. Hata pole hakusema.