Kabla ya kuposti Lisbon, taja Malindi

Wasee wa video za safari, tuongee kidogo. Kila mtu akifika Lisbon stori ni ile ile: selfi nje ya monasteri ya Jerónimos, halafu pastel de nata, kale kakeki ka mayai kenye mdalasini juu. Akirudi Nairobi anakapika, anaandika "ladha ya Ureno." Poa. Lakini nani alilipia hilo jengo?

Ujenzi ulianza 1501, na pesa nyingi zilitoka kwa ushuru wa asilimia 5 wa bidhaa za Afrika na Asia. Vasco da Gama, aliyefika Malindi 1498 akapewa rubani wa kumvusha hadi India, kaburi lake limo humo ndani. Mwaka wa 1505 Wareno wakaipora Mombasa na kuichoma. Mdalasini nao ulipelekwa Ulaya kwa njia hiyo hiyo ya bahari.

Sisemi usiende, wala usipike. Hako kakeki hata mimi nakapenda. Lakini ukishikilia kamera, usituachie Malindi na Mombasa nje ya stori. Wewe ungeanzia wapi?