Waya za meno si pambo la kuvaa na kuvua

Hivi majuzi aliingia katika chumba changu cha matibabu hapa Voi kijana mmoja kutoka upande wa Wundanyi, ameziba mdomo kwa leso. Nilidhani ana jipu. Alipoondoa leso niliona meno mawili ya mbele, ya juu, yamekuwa marefu kuliko wenzao na yanatikisika kama vigingi kwenye mchanga. Ufizi ulikuwa umevimba na kutoa usaha.

Nilipomhoji, alinieleza kwamba hakuupenda mwanya wake. Miezi kadhaa kabla ya hapo alikuwa amemlipa mtu mmoja, katika chumba cha kupanga, amzibie. Mtu huyo alichukua mpira mdogo, akauzungusha kwenye meno hayo mawili, akamwambia auache ufanye kazi. Kweli mwanya ulianza kufunga. Baada ya wiki chache mpira haukuonekana tena, na kijana akaamini kwamba umekatika ukaanguka.

La hasha! Jino la mbele ni pana kwenye kichwa chake na jembamba kuelekea ncha ya mzizi. Mpira ukivutwa hapo huteleza polepole, ukaingia chini ya ufizi na kupanda na mzizi, huku mfupa unaolishikilia jino ukiliwa. Mwenye meno huwa hana maumivu makali mpaka mambo yameharibika. Nilimpeleka kwa daktari wa meno siku ile ile, naye akautoa mpira huo. Kama meno hayo yatapona, hakuna aliyeweza kumwahidi.

Mimi si daktari wa meno. Ni daktari wa magonjwa yote, yaani wa homa, shinikizo la damu na watoto wanaoharisha. Lakini katika mji wetu mtu mwenye tatizo la kinywa huja kwangu kwanza, kwa sababu mlango wangu ndio ulio karibu. Ndiyo maana naona ninayo haki ya kutoa maoni yangu.

Kwanza nieleweke vizuri. Simcheki mtu anayetaka meno mazuri. Urembo wa meno haukuletwa na simu wala televisheni. Wakamba walichonga meno yao ya mbele yakawa na ncha, Wamaasai waliondoa mawili ya chini, na Wajaluo sita ya chini. Isitoshe, msichana anayeziba mdomo kila anapocheka, au mvulana anayekataa kusoma kwa sauti darasani kwa sababu wenzake humwita jina la mnyama, hana majivuno yoyote. Ana shida, na shida hiyo inastahili tabibu.

Ninalopinga ni haraka. Siku hizi waya za meno zimegeuzwa bangili. Wapo wanaobandikiwa waya zisizofanya kazi yoyote, za rangi rangi, ili waonekane wana uwezo. Msomaji, waya ni matibabu. Inasukuma jino kwa nguvu ndogo lakini ya siku zote. Upande linakoelekea jino mfupa huyeyuka, na upande linakotoka mfupa mpya hujengeka. Kazi hiyo haina njia ya mkato; jino husogea takriban milimita 1 kwa mwezi. Ukilisukuma kwa pupa, mzizi wake hufupika, au jino lenyewe hulegea. Kwa hiyo kabla ya kuweka waya daktari bingwa wa kunyoosha meno hupiga picha za eksirei, huchukua nakala ya meno yako, na huhakikisha hakuna jino lililooza wala ufizi mgonjwa. Mtu anayekubandikia waya mchana huo huo uliomjia, bila eksirei, mwondokee.

Hapo ndipo linapokuja jambo ambalo makala nyingi za urembo hazilisemi, nalo ni nauli. Mabingwa wa kazi hii wengi wako Nairobi na Mombasa. Matibabu huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, wakati mwingine zaidi, na mgonjwa hutakiwa kurudi kila baada ya wiki nne hadi nane. Kutoka Voi hadi Mombasa ni kilomita 150 hivi. Kwa garimoshi la reli mpya, lililoanza mwaka 2017, au kwa basi, safari si ngumu. Lakini anayetoka Taveta, au milimani Mgange, huanza safari nyingine kabla ya hiyo. Mwanafunzi wa shule ya bweni ataombewa ruhusa mara ngapi? Mkulima wa mboga atauza magunia mangapi ya kabeji?

Nimekutana na watu walioweka waya, wakahudhuria mara tatu, fedha zikawaishia, wakakaa na waya mdomoni miaka miwili bila kuonwa na mtu. Chakula hujikusanya pembeni ya vyuma. Siku waya inapoondolewa, kila jino lina doa jeupe lililochimbika mahali chuma kilipokuwa. Walianza na meno yaliyopinda lakini mazima, wakamaliza na meno yaliyopinda na kuoza. Maoni yangu, ingawa huenda yatawaudhi baadhi ya wenzangu, ni haya: kama huna hakika ya fedha za mwaka wa pili, usianze mwaka wa kwanza. Meno yaliyopinda yanaweza kungoja. Mtu mzima wa miaka 40 hunyooshwa meno vilevile, mradi ufizi wake ni mzima.

Wengine huniuliza kuhusu vile vifuniko vya plastiki angavu visivyoonekana. Vipo na vinafaa kwa meno yaliyopinda kidogo, ilimradi mtu avivae saa 20 hadi 22 kila siku na asimamiwe na daktari. Bila daktari ni hatari. Kule Marekani kampuni ya SmileDirectClub ilikuwa ikiwatumia watu vifuniko hivyo nyumbani kwa posta. Mwezi Desemba mwaka 2023 ilifunga milango, na wateja waliokuwa katikati ya matibabu wakaachwa bila wa kumwuliza.

Na baada ya waya kuondolewa kazi haijaisha. Meno yana kumbukumbu, hutaka kurudi yalikotoka. Utapewa kifaa cha kuyazuia, na utakivaa usiku kwa miaka. Ukikiacha mfukoni, umetupa fedha zako.

Kuhusu mwanya nitasema wazi kwamba mimi ni mpwani, na nimekua nikisikia mwanya ukisifiwa. Mtu aje kwangu na mwanya wake safi, ufizi mzima, nitamrudisha nyumbani nao. Na wapo wanaokwenda upande wa pili, wanaoomba wachongewe mwanya wasiouzaliwa nao! Gamba la jino likishachongwa haliti tena maishani. Ni kama kukwaruza kucha ambayo haikui.

Habari ya meno meupe ni fupi. Ndimu hula gamba la jino. Mkaa uliosagwa hulikwaruza. Dawa halisi ya kung'arisha ni haidrojeni peroksaidi, na Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2012 umezuia dawa zenye zaidi ya asilimia 0.1 ya peroksaidi zisiuzwe kiholela. Hadi asilimia 6 zitumike kupitia daktari wa meno, na si kwa walio chini ya miaka 18. Sisi tunazinunua mezani sokoni. Kijiti cha mswaki, ambao mti wake umejaa nyika hii ya Tsavo, ukikitumia taratibu kitaondoa utando wa jana bila kukudhuru.

Lakini kuna rangi isiyoondoka kwa mswaki. Voi ni mji wa njia kuu, na huja kwangu watu waliokulia Naivasha, Nakuru, au Maji ya Chai huko Arusha, wenye meno ya kahawia yenye vishimo. Wengi wameambiwa ni wachafu. Si uchafu. Ni madini ya floraidi yaliyo katika maji waliyokunywa utotoni, wakati meno yao yalipokuwa yakiumbika ndani ya mfupa, kabla ya umri wa miaka 8 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Mtu mzima mwenye meno hayo anaweza kusuguliwa gamba la juu kitaalamu, kupakwa dawa ya rangi ya jino, au, akiwa na uwezo, kuwekewa vigamba vya kauri. Mtoto wake hahitaji hayo kama maji yatapimwa mapema. Floraidi haina ladha. Maji ya chumvi si lazima yawe nayo, na maji matamu si lazima yakose. Kwa hiyo kamati zinazochimba visima katika nyanda zetu za chini ziombe kipimo hicho kabla ya kufunga pampu.

Juma lililopita mama mmoja wa Mwatate alimleta bintiye wa miaka 9. Alikuwa ameweka akiba ya mwaka mzima ili mtoto avishwe waya, kwa kuwa meno ya mbele yamepandana. Nilimfungua kinywa. Magego mawili ya utotoni yalikuwa yameoza, na mama alitaka yang'olewe "kwa sababu ni ya kutoka tu". Nikamweleza kwamba meno hayo ndiyo yanayoshikilia nafasi. Yaking'olewa mapema, gego la kudumu lililoota nyuma yake akiwa na miaka 6 litasogea mbele, na jino linalokuja litakosa pa kutokea. Hivyo ndivyo meno mengi yanavyopandana.

"Kwa hiyo, daktari, hii akiba?" akauliza.

Nikamwambia sehemu ndogo iende kuziba magego hayo mawili, iliyobaki airudishe benki. Mtoto ataonwa na bingwa atakapofika miaka 11. Nimeuandika mwezi wa kurudi nyuma ya kadi yake, na tumeafikiana kwamba kabla ya siku hiyo mama ataingia katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, ahakikishe jina la huyo bingwa limo.