Watoto Wetu Hawajafungiwa

Mwandishi anayedai kwamba sisi Wakristo tunaosomesha watoto nyumbani tunawafungia wasiijue dunia, na aje kwetu asubuhi. Baada ya sala nachagua maharagwe. Wa miaka sita anayahesabu, mdogo wake anayamwaga, tunayaokota kwa mafungu ya kumi kumi. Hiyo ni hesabu. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki 1923, alisisitiza masomo mafupi kwa wadogo na saa nyingi nje. Ndivyo tufanyavyo. Kisha sokoni: wanaamkia wazee, wanadai chenji yao. Darasa la watoto wa rika moja tu ndilo lingewafunza kuishi na watu? Ukaguzi sikatai. Serikali ije iwapime kusoma na kuandika; madaftari yapo.