Kizuri chajiuza? Si kwenye santuri

 Najua mnacheka: nesi mzima na digrii yake, siku ya mapumziko yuko kwenye maduka ya mitumba huku Uingereza anafukua santuri kuukuu. Jamani, nisikilizeni kwanza.

Za Beatles sizigusi. Ziliuzwa kwa mamilioni, haziwezi kupotea. Natafuta za bendi za biti zilizobaki kivulini. Mfano The Liverbirds, akina dada wanne wa Liverpool walioanza 1963, enzi ambazo gitaa na dramu zilihesabiwa kazi ya wanaume. Mwaka 1964 wakahamia Hamburg, Ujerumani, wakawa wanapiga Star-Club na kutoa santuri kubwa mbili, 1965 na 1966. Ugenini wakapendwa, kwao hawakuvuma. Yaani wabeba maboksi wenzetu kabisa!

Mtaniambia kizuri chajiuza. Sikubali. Wimbo unahitaji pia kampuni ya kuusukuma, redio ya kuupiga na bahati. Aliyekosa hayo hakukosa kipaji. Na santuri iliyotoka kwa nakala chache, kila inayotupwa ni pengo.

Ndiyo maana nawaomba, zile santuri za babu pale stoo msizitupe. Za majina makubwa zina wenyewe wa kuzitunza. Za bendi ndogo huenda mmebaki ninyi tu. Zisimamisheni wima, mbali na jua, maana joto huzipinda. Nikija likizo nitazisikiliza zote.

Nawasilisha.