Miaka 60 ya utafiti Seronera ni mali ya wananchi

Mwaka huu wa 2026 inatimia miaka 60 tangu utafiti wa wanyamapori uwekewe taasisi yake Seronera, katikati ya Serengeti. Wakazi wa Segerea, Dar es Salaam, tuko mbali na Seronera, lakini sherehe hii inatuhusu. Kazi hiyo ni ya umma.

Taasisi ya Utafiti ya Serengeti ilianzishwa 1966 chini ya Hugh Lamprey, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Chuo cha Mweka. Mwaka huohuo George Schaller alianza kuwafuatilia simba, na wengine wakapokea kazi hiyo kwa miongo kadhaa.

Fundisho kubwa kuliko yote limetoka kwa nyumbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa takriban 250,000. Kufikia 1977 walikuwa wamezidi milioni moja. Ng'ombe wa vijiji jirani walikuwa wamechanjwa sotoka, ugonjwa ukaacha kuwaua ndama wa nyumbu. Kundi lilipokua lilifyeka nyasi, moto wa kiangazi ukapungua, na miti ikarejea. Sindano ya ng'ombe iliotesha migunga! Aliyekaa hifadhini msimu mmoja asingeliona hilo. Mwaka 1999 Dkt. Simon Mduma, ambaye baadaye aliongoza Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI), na wenzake walitumia kumbukumbu za miaka 40 kuonyesha kwamba kinachodhibiti idadi ya nyumbu ni uhaba wa malisho ya kiangazi, si meno ya simba.

Njia haikuwa nyepesi. Mwaka 1977 mpaka na Kenya ulifungwa. Ujangili nusura uwamalize faru weusi. Mwaka 1994 homa ya mbwa iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Hata hivyo utafiti haukuzimika: mwaka 1980 Bunge liliunda taasisi ya kitaifa, ndiyo TAWIRI ya leo.

Tunaiheshimu TAWIRI zaidi kwa ukweli wake. Sensa ya 2014 ilionyesha kwamba tembo wa Tanzania, waliokuwa takriban 109,000 mwaka 2009, walikuwa wamebaki 43,000 na ushei. Takwimu hizo ziliuma, na zilitangazwa hadharani. Taifa lisingeweza kupambana na hasara lisiyoijua.

Sasa shoroba za wanyama zinazidi kubanwa na mashamba, makazi na barabara. Kuwavisha tembo visukuma mawimbi vya kufuatilia nyendo zao na kurusha ndege za sensa kunahitaji fedha kila mwaka, na si haki kazi hiyo isubiri hisani ya wafadhili. Mikumi, ambayo barabara kuu inayotoka kwetu huikata katikati, na Hifadhi ya Nyerere kule Rufiji zinastahili kumbukumbu ndefu kama za Serengeti.

Bajeti ya Wizara ya Maliasili na Utalii hujadiliwa Dodoma kila mwaka. Tunamtaka mbunge wa Segerea asimame aulize ni kiasi gani kimetengwa kwa sensa ya wanyamapori, na kiasi gani kimefika kweli kwa watafiti.