Steringi Abadilishwe

Katika mabanda ya video ya Sikonge, kama kwingine nchini, sheria ni moja: steringi hafi. Kwa hiyo No Time to Die ya mwaka 2021 iliwavuruga wengi. Daniel Craig, aliyekuwa James Bond katika sinema tano kuanzia Casino Royale ya 2006, anapigwa makombora kisiwani na habari yake inaishia hapo. Mtazamaji anabaki kwenye benchi akingoja aibuke majini. Haibuki ng'o! Halafu maandishi ya mwisho yanaahidi kwamba Bond atarudi.

Atarudi na sura nyingine, na hakuna atakayeshangaa. Tangu 1962 waigizaji sita wamepokezana sinema 25. Sean Connery alikuwa mbabe wa Vita Baridi, dharau mbele, ngumi nyuma. George Lazenby alipewa moja tu, 1969. Roger Moore, aliyecheza saba kati ya 1973 na 1985, alileta masihara: bomu linakaribia kulipuka, yeye anatania. Timothy Dalton akakunja uso. Katika Licence to Kill ya 1989 anaasi wakubwa zake ili alipize kisasi kwa muuza dawa za kulevya. Pierce Brosnan alipoingia 1995, Umoja wa Kisovieti ulikuwa umeshavunjika, na bosi wake mpya, mwanamke, anamwambia waziwazi kwamba amepitwa na wakati. Craig ndiye aliyevuja damu na kulia. (Huyo huyo alituletea Mbale ya Uganda iliyogeuzwa kambi ya waasi msituni. Watu wa Mbale wana haki ya kununa.)

Kila mwigizaji alikuja na hofu za enzi yake, na adui akabadilika naye, lakini mhusika akabaki yuleyule. Misafara ya zamani ilifanya vivyo hivyo hapa Unyanyembe, Tabora ya leo: wapagazi wa pwani walilipwa wakaachwa, wakaandikwa wengine, na vitambaa na shanga vikaendelea na safari ya Ujiji.

Bongo Muvi, sinema zetu wenyewe, iliuza sura badala ya mhusika. Nyota wake, Steven Kanumba, alipofariki Aprili 2012, akiwa na miaka 28, soko liliyumba, na hakuacha mhusika ambaye mwingine angemrithi. Hebu mtaje mmoja aliyemwigiza ambaye kijana mwingine angeweza kumvaa kesho yake. Marehemu hana kosa; alibebeshwa mzigo wa tasnia nzima.

Na mhusika tulikuwa naye siku zote. Mwandishi marehemu Elvis Musiba alimtoa mpelelezi Willy Gamba katika riwaya ya Kufa na Kupona, 1974: siri za wapigania uhuru zinaibwa Dar es Salaam, Willy anatumwa Nairobi kuzifuata. Kikafuata Kikosi cha Kisasi kule Kinshasa, kisha Njama, kisha Hofu. Vitabu hivi vilipita mkono kwa mkono hadi majalada yakatoka. Willy anapenda suti na warembo kama Bond, hilo hatulifichi, lakini anapigana na makaburu kwa ajili ya ukombozi wa Afrika, kazi ambayo Bond hakuwahi kupewa.

Mpaka leo hana mfululizo wake wa sinema. Visingizio ni fedha na mwigizaji. Cha fedha tunakielewa. Cha mwigizaji hatukikubali, kwa sababu yeyote atakayepewa atakuwa wa kwanza tu. Makaburu wameondoka madarakani. Willy wa leo anaweza kuwafuata majangili wa pembe hadi mapori ya Ugalla, na wa miaka kumi ijayo atakuta adui mwingine. Mtayarishaji atakayejitokeza azungumze kwanza na wenye haki za vitabu, aandikishe hadithi tatu, kisha ndipo atangaze kwamba anatafuta steringi.